Tangazo Lililomjua Bibi

Kila siku akitoka shule, Elisifa humkatia ng'ombe majani, kisha mama yake humpa simu afanye masomo. Masomo yenyewe huwa dakika kumi. Zinazobaki ni za video.

Siku moja lilipita tangazo: "Mzazi wako ana sukari? Jaza fomu upate ushauri bure." Elisifa alimfikiria Bibi Anaeli, akajaza yote: jina la Bibi, ugonjwa, namba ya simu, kijiji cha Mwika, hata ukoo. Palipoandikwa "maelezo mengine" akaongeza kwamba ng'ombe wa Bibi amezaa.

Wiki mbili baadaye alimpelekea Bibi chai, akakuta vidonge vya hospitali havijaguswa.

"Bibi, mbona hujameza?"

"Vya nini tena? Kuna kijana amenipigia, ananiuzia unga wa mizizi. Kasema niache vidonge. Ni mtu wa kwetu huyo."

"Umemjuaje?"

"Ametaja ukoo wetu. Akaniuliza na ndama anaendeleaje. Mgeni atamjulia wapi ndama wangu?"

Elisifa akaikumbuka fomu. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua habari za fomu. Lakini aliutazama mguu wa Bibi, umevimba, na kidonda cha kidole kimeanza kutoa maji. Akamwita mama yake, akasema yote mbele yao.

Mama alishika kichwa. Bibi hakusadiki. "Kijana yule ana adabu kuliko wewe. Kila akipiga huniamkia."

"Basi mpigie, Bibi," Elisifa alisema, akiyazuia machozi. "Muulize anatoka kihamba cha nani."

Bibi alipiga, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa. "Mwanangu, hujaniambia. Kihamba chenu kiko wapi? Kinapakana na nani?"

Mtu wa Mwika hata akiamshwa usingizini hukitaja kihamba chao, shamba la babu yake. Huyu alikohoa. "Kihamba... bibi, mimi niko ofisini. Mzigo wa pili nikutumie lini?"

Bibi alikata simu. Akavivuta vidonge vya hospitali, akasema, "Nileteeni maji nimeze."

Kesho yake asubuhi walikwenda hospitali. Sukari ilikuwa juu sana. Muuguzi alisafisha kidonda, akasema wangechelewa wiki moja zaidi, kidole kingekatwa. Tangu siku hiyo Elisifa haendi shule kabla hajamwona Bibi akimeza vidonge.

Mama aliifungia namba ile. Zikapiga nyingine tatu, nazo akazifungia. Jioni alimkalisha Elisifa jikoni.

"Ulitaka kumsaidia bibi yako, najua. Lakini mtu akikusimamisha njiani akuulize nyumbani kwenu nani mgonjwa na anaugua nini, utamwambia?"

"Hapana, mama."

"Na fomu ya tangazo ni mtu yuleyule, ila uso wake huuoni. Unachomwandikia anakiuza kwa wenzake, na mimi sina pa kwenda kukidai. Kwa hiyo ukiulizwa habari za nyumba hii, njoo kwangu kwanza, hata kama nimechoka, hata kama nitafoka."