Uke Wenza na Vibeke

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, mwisho wa Novemba, na taa za barabarani hapa Grindsted, mji wa kaskazini ambako jua la baridi huzama mapema, zilikuwa zimeshawaka. Nilikuwa juu ya baiskeli, naenda kwa Aksel kuchukua mota.

Mota yenyewe ilikuwa ndogo, inatoshana na ncha ya kidole gumba. Niliitafuta tangu kiangazi. Nilitaka kujenga kichwa cha treni kwa matofali ya kuchezea, yale ya plastiki yenye vinundu juu, lakini kiwe kidogo kuliko vyote vilivyowahi kuonekana kwenye klabu yetu ya wajenzi wa matofali hayo. Upana wa vinundu vinne tu. Ndani yake mota, betri na swichi, na usione hata uzi wa waya.

Aksel ndiye mkongwe wa klabu. Alinifungulia, akaniwekea mota kiganjani, ila hakuiachia.

"Kitatembea wapi hicho?"

"Nyumbani. Kule chini, kwenye reli."

"Reli za Vibeke."

"Reli za nyumbani kwangu, Aksel."

Akacheka puani. "Haya, bi mdogo. Usininunie."

Nilimnunia. Njia nzima nilikanyaga pedeli kama ninamkanyaga mtu.

Vibeke alikuwa mke wa kwanza wa mume wangu, Torkild. Alikufa miaka minne kabla, na mimi nikaolewa mwaka wa tatu baada ya kifo chake. Nilihama na masanduku sita, nikaikuta nyumba imejaa. Makabati yalikuwa matupu, nguo zake zilishagawiwa. Lakini chumba cha chini chote kilikuwa chake: ubao mpana kuliko kitanda, na juu yake mji mzima wa matofali. Stesheni. Kanisa. Kiwanda cha bia. Kilima chenye handaki. Na reli nyembamba inayozunguka yote hayo. Kila Jumapili Torkild alishuka, akasimama pale na soksi zake, mikono nyuma, kama mtu aliye kanisani.

Mara tatu mezani aliniita Vibeke. Mara zote tatu aliomba radhi. Mara zote tatu nilisema si kitu.

Mke mwenza aliye hai unaweza kumshinda. Atazeeka, atakasirika, ataunguza viazi. Maiti haunguzi viazi.

Basi nikasema nitajenga. Nitajenga kitu ambacho Vibeke hakukiweza, nikiendeshe juu ya reli zake, na Torkild akisimama pale aone mkono wangu.

Ilinichukua wiki tatu kwenye meza ya jikoni. Mota ililia kama nyuki ndani ya chupa. Gia zikigusana vibaya kidogo tu, magurudumu yanakwama. Nilibomoa mara tisa. Mara ya kumi kikatembea. Nilikivika matofali mekundu, kwa sababu Vibeke alipenda kijani. Kila kilichokuwa chake kule chini kilikuwa kijani cha chupa. Changu kilikuwa chekundu mpaka bomba la moshi.

Nilimwita Torkild. Nikabonyeza swichi. Kikaondoka taratibu, kikapita stesheni, kikapita kiwanda cha bia, kikaingia handakini. Nikahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili... sita. Kikatoka upande wa pili.

Torkild alipiga makofi kama mtoto. Macho yalimlowa.

"Mke wangu," akasema, "Vibeke angekipenda sana hiki."

Hilo tu.

Kesho yake alipokuwa kazini nilishuka peke yangu. Nje giza lilikuwa linaingia, dirisha dogo la juu limekuwa la buluu. Nikakiwasha. Stesheni. Kiwanda. Handaki.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Saba.

Nane...

Kilitoka kwenye kumi na moja. Pamoja nacho ikatoka harufu. Pipi nyeusi, zile za chumvi zinazopendwa huku. Mimi sizili, zinanichefua. Torkild hazili pia.

Nikakichukua mkononi. Bomba la moshi lilikuwa kijani.

Nilifikiri nimechoka. Nikalitoa, nikaweka jekundu jingine. Siku iliyofuata kilikaa handakini hadi ishirini, na kilipotoka, paa lilikuwa kijani. Siku ya tatu, ubavu mmoja. Nikirudisha mekundu, jioni yanatoka ya kijani, na yamepangwa vizuri kuliko nilivyopanga mimi. Hilo ndilo lililoniuma. Kiungo kilichokuwa kinanisumbua karibu na gurudumu la nyuma, kilikuwa kimerekebishwa.

Nikamvaa Torkild wakati wa chakula.

"Unanichezea, siyo?"

"Nani? Mimi?" Akaniinulia mikono yake ya useremala. "Kwa vidole hivi? Mimi hata kifungo cha shati unanifungia wewe."

Nikamwonyesha treni. Akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kupewa mimi.

"Ila sasa imependeza. Hii ndiyo rangi yake."

"Rangi ya nani?"

Akakata mkate wake mweusi vipande vidogo, vidogo sana, asile hata kimoja.

Siku ya tano sikuhesabu. Nilikiwasha, kikaingia, nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye mdomo wa handaki.

Nyuki analia ndani ya chupa. Analia... analia...

Akanyamaza.

Kimya.

Tk.

Kila mjenzi anaijua sauti hiyo. Ni tofali moja likibanduliwa juu ya jingine.

Tk.

Na hiyo ni tofali likibanwa mahali pake.

Halafu pumzi. Pumzi ndogo ya kuridhika, kama ya fundi anayeiangalia kazi yake. Ilinigusa sikio, na ilinuka pipi.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Treni ikatoka, polepole, ikanipita. Ilikuwa kijani yote.

Sijui wengine wangefanya nini. Mimi nilipaswa kuogopa, na niliogopa. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kikubwa kuliko hofu. Ilikuwa kazi yangu! Wiki tatu zangu! Hata hiyo ameninyang'anya.

Nikaanza kukibomoa kilima.

Nilibandua tofali moja baada ya jingine, nyasi, mawe, miti, mpaka nikafika ndani. Kando ya reli palikuwa na chumba. Kwa nje huwezi kukijua. Kilikuwa na sakafu ya miraba, meza, viti viwili. Kwenye kiti kimoja kaketi mwanasesere wa plastiki mwenye ndevu, na kwenye kingine mwanasesere mwanamke. Ukutani, matofali yangu mekundu yote yalikuwa yamepangwa safu, kwa usafi, kama vyombo vilivyooshwa. Na juu ya meza kulikuwa na shungi la nywele za mvi, limesokotwa pamoja na nywele fupi nyekundu, likafungwa uzi mwekundu mafundo saba.

Ndevu za Torkild ni nyekundu.

Nikampigia Aksel. Nilinong'ona, maana Torkild alikuwa amesharudi, namsikia juu akipiga mluzi jikoni.

"Aksel. Nimefungua kilima."

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu upande wake.

"Mimi ndiye niliyempeleka Vibeke," akasema. "Mwaka ule wa mwisho. Hospitali walikuwa wamemaliza yao. Kuna mama mmoja kule nyikani, watu humwendea kwa mambo ya kupotelewa na kupendana. Nilidhani anaenda kuomba uzima, Ragnhild. Kumbe hakuomba uzima."

"Aliomba nini?"

"Asisahauliwe. Hilo tu. Akasema, wengine waje, sawa, ila yeye asisahauliwe."

"Nikichome kifundo hiki cha nywele?"

"Wee! Usikiguse! Funika kama kilivyokuwa. Yule mama alituambia, kilichofungwa kikifunguliwa kwa chuki hakirudi kilivyokuwa. Unanisikia? Bi mdogo... Ragnhild, tafadhali, unanisikia?"

Nilimsikia.

Pembeni mwa chumba cha chini kuna jiko la kuni, na moto ulikuwa unawaka. Nilifungua mlango wake, nikalitupa shungi ndani.

Halikunuka nywele. Halikunuka kitu. Lilijikunja mara moja, kama mkono unaofunga ngumi, likaisha.

Juu, mluzi wa Torkild ulikatika katikati ya wimbo.

Nilipanda ngazi mbio. Alikuwa amesimama mbele ya sinki, maji yanamwagika, anatazama dirishani.

"Torkild?"

Akageuka. "Ragnhild." Akanikumbatia kwa nguvu, mikono imelowa. "Nilikuwa nafikiria kitu hapa. Kimenitoka."

Jumapili akashuka chini, nikamsikia ananiita kwa mshangao. Nikamkuta anazunguka ule ubao, anagusa kanisa kwa kidole.

"Wewe mwanamke! Umejenga yote haya lini?"

Nilimwangalia usoni. Hakuwa na utani.

Nikasema, "Polepole tu. Ukiwa kazini."

Mungu anisamehe. Nilisema hivyo, na nikaona raha.

Majira yote ya baridi yalikuwa yangu. Hakuniita tena kwa jina la mtu. Alinikaangia vitumbua vya Krismasi, alinishika mkono mjini kama tuna miaka ishirini. Mwezi wa pili tulipita makaburini, akasimama mbele ya jiwe moja, akasoma jina.

"Ana jina letu la ukoo huyu. Ni jamaa?"

"Labda wa mbali," nikasema. Nikamvuta mkono tuondoke.

Miaka ishirini na sita yeye na Vibeke waliishi pamoja. Ilikuwa imeungua kwa muda wa kufumba jicho, na aliyeikumbuka ndani ya nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu. Aksel nilimwomba anyamaze. Alinyamaza, ila haji kwetu tena.

Kisha, wiki mbili zilizopita, Torkild alikuwa anatafuta msumari kwenye droo ya ghalani, akakuta picha. Mwanamke wa miaka thelathini, amekaa ufukweni, upepo umemfunika nywele nusu ya uso, anacheka.

"Nani huyu?"

Ningeweza kusema kweli, kwamba ni Vibeke. Mpaka leo nalala na kuamka na wazo hilo.

"Dada yangu," nikasema.

"Mbona hujawahi kuniambia una dada?"

"Tuligombana. Yuko mbali."

Hakunirudishia picha. Niliikuta kwenye mfuko wa shati lake. Halafu nikaikuta ndani ya kitabu chake karibu na kitanda. Akila, ananyamaza katikati ya tonge. Ananiuliza mambo. Anapenda nini? Anaimba? Ana mume? Anauliza huku anatazama sahani, masikio yamemwiva, mwanaume wa miaka hamsini na tisa. Mimi hakunitazama hivyo hata siku ya harusi.

Jana nimerudi kutoka dukani, nikamkuta amenyoa ndevu. Amepiga pasi shati jeupe. Viazi vinachemka, na mezani kuna sahani tatu.

"Nani anakuja?" nikauliza.

"Usinikasirikie," akasema. "Mimi sipendi ndugu wakikosana. Lakini si mimi niliyempigia. Amepiga mwenyewe, mchana."

"Nani, Torkild?"

"Dada yako." Akainamisha uso, akatabasamu. "Ana sauti nzuri. Amesema usihangaike kumtandikia, nyumba anaijua."