Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Kifuniko cha birika dogo la kahawa kilikuwa kikigongagonga taratibu jikoni. Nje bado giza. Inspekta Zdravka Karaslavova alikaa akikisikiliza, huku akiitazama simu mpya ya kazi iliyolala mezani. Ilikuwa inajisasisha tangu jana usiku. Asilimia sitini na saba. Alipoamka ilikuwa sitini na saba, na sasa bado sitini na saba.

Simu yake ya zamani, ile ya vitufe, ikalia mfukoni mwa aproni.

"Afande, nimekupigia mara nane," alisema Sajini Tihomir. "Ile mpya haishiki."

"Imekwenda shule, haijarudi. Sema."

"Wizi. Kiwanda cha mafuta ya waridi, kijijini Gyulevo. Wameiba kompyuta."

"Mpya?"

"Ya zamani. Ya mwaka themanini na nane."

Zdravka akazima jiko. "Nani anaiba kompyuta iliyokuzidi umri?"

"Ndiyo maana nimekupigia."

Akaimimina kahawa yote kwenye chupa ya chai, akachukua vikombe viwili. Tihomir hakuwahi kukumbuka kunywa kitu asubuhi.

Gyulevo ilikuwa imeamka zamani. Mashambani wanawake walikuwa wamesambaa kati ya mistari ya waridi, aproni zimejaa, na kiwandani magunia ya maua yalikuwa yamepangwa hadi mlangoni. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuuma meno. Mama yake Zdravka alichuma waridi maisha yake yote, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa lolote. Magunia yale hayakupaswa kuwa pale. Ua la waridi halisubiri. Jua likipanda linaanza kuchacha, na ikifika saa nne asubuhi mafuta yake yamekwenda.

Mkurugenzi, Ognyan Delchev, kijana wa miaka thelathini na mitano, alikuwa akizunguka mbele ya mitambo minne ya shaba ya kuchemshia maua, iliyokuwa imepoa.

"Ni hujuma," alisema. "Andika hivyo. Hujuma."

"Anza mwanzo, mwanangu."

"Jumatatu tulifunga mfumo mpya wa kompyuta wa kuendesha mitambo. Jumatatu na jana umefanya kazi vizuri. Leo saa kumi alfajiri umejifunga." Akaonesha skrini kubwa ukutani. Iliandikwa kwamba toleo hilo limepitwa na wakati, na mtumiaji asubiri sasisho. Chini yake, mstari wa bluu haukusogea.

"Toleo la lini?"

"La Jumatatu."

Tihomir akakohoa ili asicheke.

"Nimewapigia waliotuuzia. Sauti ya mashine inaniambia ofisi inafunguliwa saa tatu. Nikasema basi, turudishe ile ya zamani kwa leo tu. Tumeingia stoo, haipo. Mtu aliyajua haya mawili. Kaua mpya, kaficha ya zamani." Akashusha sauti. "Mkamate Nayden, yule wa boila. Alisema mbele ya watu wote atautupa mfumo mpya mtoni."

Stoo ilikuwa nyuma ya boila. Kufuli halikuvunjwa. Tihomir alipaka poda, akapiga picha, akatafuta alama za vidole.

"Ufunguo hukaa wapi?" Zdravka aliuliza.

"Kwenye msumari, nyuma ya mizani," alisema Ognyan. "Wenyeji tu ndio wanaojua."

Ndani, palipokuwa na mashine, sakafu ilikuwa imefagiwa. Mahali pengine pote vumbi, hapo pamefagiwa. Mlangoni, juu ya matope ya juzi yaliyokuwa yamekauka, mlikuwa na alama za magurudumu manne membamba.

"Ilikuwa na nini juu yake?"

"Kitambaa cha kroshia, cheupe. Kilikuwapo tangu nikiwa mtoto."

"Na kitambaa kimekwenda?"

"Kimekwenda. Afande, mimi nina tani mbili za maua zinaoza. Kitambaa kinanihusu nini?"

Zdravka aliitazama tena sakafu. Mwizi wa vyuma chakavu hufika na gari, hutupa kitambaa chini, huondoka. Huyu alifagia. Aliiona mashine kama kitu kinachoweza kupata baridi.

Nayden, mzee wa miaka sitini na minane, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono myeusi kwa masizi. Zdravka akamtilia kahawa kabla hajauliza chochote.

"Ulisema utautupa mfumo mpya mtoni?"

"Nilisema. Na bado ninasema. Mto ndio utakaokataa."

"Uliugusa?"

"Mimi? Ule haukubali hata kuguswa na wenyewe. Unataka neno la siri, halafu unataka neno la siri la kuthibitisha neno la siri. Ile yetu, ya hapahapa Bulgaria, miaka thelathini na sita, hakuna siku iliyoniuliza mimi ni nani. Ilinijua."

"Nani aliiandikia programu?"

"Velko. Mhandisi Velko, Mungu amrehemu. Alikaa hapa miezi mitatu akitazama jinsi mafundi wa zamani wanavyoweka sikio kwenye shaba ili kusikia mvuke. Akayatia yote mle ndani. Wajapani walikuja kuitazama. Wafaransa walikuja. Walipiga picha." Nayden alikuwa amenyoosha mgongo bila kujua. "Na mkewe Elenka ndiye aliyeiendesha, mpaka alipostaafu vuli iliyopita."

"Kitambaa alikifuma nani?"

"Usiniulize vitambaa, mama. Miaka yote hiyo mimi nimetazama kipimajoto."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Alikokuwa kila mtu. Tarehe ishirini na moja Mei, siku ya jina la Elenka. Kijiji kizima kilikuwa kwake. Alioka banitsa tatu, na jibini hakuibania."

"Hakukuwa na jambo geni?"

Nayden akanywa, akafikiri. "Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Tulibanana sebuleni kama dagaa. Alisema paka amezalia humo, asisumbuliwe."

Zdravka akakiweka kikombe chake chini. Siku ya jina, sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake, hakuna anayealikwa na hakuna anayefungiwa. Hata chumba cha kulala huachwa wazi, makoti ya wageni yarundikwe kitandani. Mwanamke wa Gyulevo angeona afadhali achome banitsa kuliko kufunga mlango siku hiyo.

"Bibi Elenka ana paka?"

"Ana mbwa," alisema Nayden taratibu, na uso wake ukabadilika. "Afande. Usimfuate huyo."

Ognyan alisikia mlangoni. "Bibi Elenka? Haiwezekani. Ana miaka sabini na sita, ile skrini tu ni kilo kumi. Na yeye ndiye aliyenilea hapa kiwandani, mama akiwa zamu."

"Wajukuu anao?"

"Watatu."

"Basi ana kigari cha mtoto," alisema Zdravka. "Saa ngapi sasa?"

"Saa mbili kasorobo."

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara, na mlango wake ulipambwa waridi la kichaka. Chini ya ngazi kilisimama kigari cha mtoto cha zamani. Magurudumu yake membamba yalikuwa na matope mekundu. Tihomir akakitazama, akamtazama Zdravka.

Bibi Elenka alifungua akiwa na kilemba kichwani na unga mikononi. Alimtazama Inspekta, akaitazama sare ya Tihomir, akasogea kando.

"Kheri ya siku ya jina, Bibi. Nimechelewa siku moja."

"Anayekuja na nia njema hachelewi. Kaeni. Banitsa imebaki."

Akawakatia vipande, cha Tihomir kikubwa zaidi, kwa kuwa alikuwa mwembamba.

"Jana alfajiri ulikuwa wapi?" Zdravka aliuliza.

"Niliamka."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Ukatoka?"

"Nikatoka."

"Na kigari?"

Mzee akapangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nilikwenda mara mbili. Kwanza mashine na diski zake. Halafu skrini. Ufunguo nikaurudisha msumarini. Stoo nilifagia, isionekane nimeacha uchafu."

"Kwa nini?"

Bibi Elenka alitoa ufunguo shingoni, akafungua chumba cha ndani. Juu ya meza ya cherehani ilikaa mashine, pana na ya rangi ya maziwa yaliyochemka, kitambaa cha kroshia kimekunjwa vizuri pembeni. Akabonyeza swichi. Kitu kikakwaruza ndani, kikatulia. Kwenye skrini nyeusi zikatokea herufi za kijani zikiuliza tarehe.

"Haiijui miaka ya elfu mbili," alisema Bibi Elenka. "Velko hakufikiria itaishi sana hivi. Kila inapowashwa naipa tarehe kwa mkono. Mwaka naurudisha nyuma miaka ishirini na minane, ili Jumatano iendelee kuwa Jumatano. Kwake huu ni mwaka tisini na sita, na kila kitu kinakwenda sawa."

Vidole vyake vilitulia juu ya kibodi.

"Mwaka wa kwanza, tarehe ishirini na moja Mei, niliiwasha alfajiri, peke yangu na mitambo. Ikaniandikia. *Elenka, kheri ya siku ya jina. Usichoke sana leo.* Velko alikuwa ameificha humo bila kuniambia. Kila mwaka, siku hiyo moja tu, ananisalimu. Alipokufa nilidhani itakoma." Akatikisa kichwa. "Mashine haikujua kwamba amekufa. Miaka tisa sasa, bado ananisalimu."

Tihomir alikuwa ameacha kutafuna.

"Ungeweza kuiandikia tarehe hiyo siku yoyote," Zdravka alisema kwa sauti ya chini.

"Ningeweza. Lakini huko ni kumdanganya Velko."

"Na kwa nini hukumwomba Ognyan?"

"Alisema mbele yangu, Ijumaa gari la chuma chakavu linakuja. Kijana mzuri, ana haraka tu. Wote wana haraka. Televisheni yangu, ambayo ni nzima kabisa, imekataa kufungua idhaa kwa sababu eti ni ya zamani, na haioneshi hata doa. Nikasema basi, hii hawataichukua. Imefanya kazi miaka thelathini na sita, haijawahi kumwangusha mtu. Nimeiba, ndiyo. Andika. Sioni aibu kwa nilichokiiba, naona aibu kwa kuwadanganya wageni wangu kuhusu paka."

"Bibi, mfumo mpya uliuharibu wewe?"

"Mfumo mpya umeharibika?"

"Umejifunga tangu saa kumi. Tani mbili za maua ziko mlangoni. Mitambo imepoa."

Bibi Elenka alimkazia macho, kisha akaanza kufungua nyaya.

"Na ninyi mmekaa hapa mnakula banitsa," alisema. "Wewe, mwembamba, shika skrini. Kwa mikono miwili, si gunia hilo."

Waliisafirisha kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, imefungwa mkanda, imefunikwa kitambaa chake. Wanawake waliokuwa wakileta magunia walisimama walipomwona mzee akishuka, na mmoja akaanza kupiga makofi, kisha wote. Nayden alikuwa tayari amewasha boila. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Bibi Elenka alifunga nyaya bila kuzitazama. Akaipa tarehe, ishirini na mbili Mei tisini na sita. Mashine ikakwaruza. Mtambo wa kwanza ukapumua mvuke, wa pili, wa tatu, wa nne. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Ukutani, mstari wa bluu wa mfumo mpya ulikuwa palepale.

Ognyan alisimama karibu naye, mikono mfukoni.

"Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Ungecheka."

Akafikiri. "Ningecheka," alikiri. "Kweli ningecheka."

Akaenda kwenye kabati lake, akatoa koti jeupe la kazi la zamani lenye jina la Elenka kifuani, ambalo hakuwa amempa mtu mwingine. Alimvalisha mwenyewe, mkono mmoja, halafu wa pili.

"Malalamiko nayaondoa," alimwambia Inspekta. "Na lile gari la Ijumaa nalizuia."

Tihomir alifungua kishikwambi cha ofisi ili kujaza ripoti. Kilimwambia programu imepitwa na wakati. Akakirudisha mkobani, akatoa kalamu. Zdravka akamsomea pole pole: mali imepatikana, ikiwa nzima, kwa mtu aliyeitunza kuliko mwenyewe, mlalamikaji ameridhika, jalada lifungwe. Alipomaliza aligundua kwamba na yeye amesimama wima kama Nayden. Chombo kile kilitengenezwa na watu wa kwao, na kilikuwa kikifanya kazi mbele ya macho yake.

Saa nne kamili gunia la mwisho liliingia kwenye shaba. Tone la kwanza la mafuta, la manjano, likaanguka kwenye chupa ya kioo.

Bibi Elenka aliwasindikiza hadi kwenye gari. Alikuwa ametia kipande cha banitsa kwenye karatasi kwa ajili ya Tihomir.

"Siku ya jina hatualiki mtu, unajua," alimwambia Zdravka, akimshika mkono. "Mlango uko wazi, anayetaka anaingia. Lakini wewe nakualika, mwanangu. Mwakani, tarehe ishirini na moja, njoo hapa kiwandani alfajiri, kabla ya wachumaji. Njoo tena, nisiwe peke yangu ninayemwona akinisalimu."