Tanuri Lisilopoa

Tanuri lilikuwa na joto. Si joto kali, ni lile la kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Mfilisi aliondoa kiganja chake haraka akamgeukia fundi.

"Si mlisema gesi ilikatwa zamani?"

"Ilikatwa," alijibu fundi wa tanuri, mzee mwenye nyusi zilizoungua. Hakusogea kutoka mlangoni. "Tubandike lakiri, mama, twende zetu."

Mfilisi hakuwa mtu wa kubabaishwa. Mahakama ilikuwa imeamuru kampuni hii ya mikate ivunjwe kwa kushindwa kulipa madeni yake, ikamteua yeye akusanye mali na kuwagawia wanaodai. Alishatukanwa na wakurugenzi wengi mpaka akazoea, ndiyo maana huyu wa leo alimshangaza. Alimkabidhi funguo asubuhi huku anacheka na machozi yanamtoka, kisha akakimbilia gari ambamo mkewe alijikunyata ndani ya mablanketi, na jua linawaka.

Alikuwa na desturi yake, mfilisi. Kila chumba alichokifunga alikitangazia kwa sauti hata kama ni kitupu, kwa sababu kuna mdai aliwahi kujificha stoo halafu akadai hakuarifiwa. Akasimama mbele ya tanuri.

"Kuanzia leo kila kilicho cha kampuni kiko mikononi mwangu. Anayeidai aje kwangu."

"Kwako?" sauti iliuliza taratibu.

"Ndiyo, kwangu," alijibu, macho yakiwa kwenye lakiri, akidhani ni fundi.

Alipoinua uso alimwona fundi kule kule mlangoni, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kisha tanuri likagongwa kwa ndani, polepole, kama anavyogonga mtu anayejua atafunguliwa, na harufu ya mkate moto ikafumka mahali ambapo hapakuwa na hata chembe ya unga, ikampanda puani, ikamshuka kooni, ikageuka ikawa ya nywele zinazoungua, na chuma alichokiegemea kikawa baridi hata ngozi ikanata, na alipojinasua kwa nguvu alihisi kitu kinampita ubavuni, kinaelekea mlangoni, kinaelekea barabarani, bila kusita, kama kinachoijua njia.

Simu ya fundi ikalia. Alisikiliza, akaishusha.

"Mkurugenzi huyo," alinong'ona. "Mkewe anatoka jasho."

"Maana yake nini?"

"Jini, mama. Baba yake mkurugenzi ndiye aliyemweka humo ili biashara ishamiri. Mkate wa kwanza wa kila siku ulikuwa wake. Gesi ilipokatwa akaanza kula joto la watu. Mwenye kiwanda hamgusi. Anamla yule ambaye mwenye kiwanda anampenda kuliko wote."

"Nikimwokea mkate?"

"Tulijaribu kwa kuni. Ulitoka mbichi, wa baridi. Ameshaonja watu, hataki tena mkate. Haondoki, anahama tu na anayeshika kampuni."

"Ulijua, ukanyamaza."

Mzee aliinamisha kichwa. "Yule mwanamke wa kwenye gari ni mwanangu wa kumzaa. Nisamehe."

Mfilisi alikuwa ameshaanza kukimbia.

Getini mwa shule watoto walikuwa wakijipepea kwa madaftari. Binti yake alisimama peke yake, amevaa sweta la kuazima, mikono ameikunja kwapani.

"Mama, mbona leo kuna baridi hivi?"

Alimkumbatia, ikawa kama amekumbatia sakafu. Alimwingiza garini, akampigia karani wa mahakama.

"Nataka kujitoa."

"Leo leo hii? Jaji anaweza kukubali kesho asubuhi, mradi umtaje wa kuchukua nafasi yako."

Meno ya mtoto yalikuwa yanagongana. Mfilisi alimfikiria mwenzake wa ofisini, anayempenda kama mdogo wake wa tumbo moja, ambaye juzi tu alikuja na kichanga chake mgongoni ili kila mtu akibebe. Alifumba macho, akamtaja.

"Sawa," alisema karani. "Kuna lolote anapaswa kulijua kabla hajaingia?"

Nyuma yake mtoto aliomba blanketi.

"Hakuna," alisema mfilisi.