Waya Hauoti Kama Nywele

Jumamosi ile kwenye jengo la vifaa vya umeme palikuwa hapapitiki. Watu wanasukumana kwenye korido nyembamba, wenye maduka wanaita wateja, redio za kila duka zinagombana. Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, nywele zimechongwa ukadhani kwa rula, alikuwa amepiga magoti anaokota mabehewa ya treni. Mfuko ulikuwa umempasukia. Vibehewa vyenyewe havizidi urefu wa kidole, vimetapakaa miguuni mwa watu, naye anawaomba wapita njia radhi kana kwamba ndani mna abiria.

Kimoja kilibingirika mpaka kwenye meza ya fundi simu. Fundi mwenyewe alikuwa dada mwenye gauni la njano, mikono ameikunja mpaka viwikoni, bisibisi ameichomeka kwenye misuko. Alikiokota, akakigeuza, akakichungulia tumboni.

"Cha mtoto wako?"

"Changu mwenyewe," akajibu kijana, na wala hakuona haya.

Dada akamtazama juu mpaka chini. Alitaka kucheka, akashindwa, maana kijana alikuwa ameganda anaangalia mkono mwingine wa fundi, ule uliokuwa unalehemu kijiwaya chembamba kama unywele ndani ya simu. Wateja wake wengi huuliza fundi yuko wapi ilhali fundi yuko mbele yao. Huyu alisimama pale akiangalia mpaka kazi ikaisha, halafu akasema taratibu kwamba hajawahi kuona mkono uliotulia vile. Nakwambia, wapo waliomsifia macho, wapo waliomsifia umbo, lakini sifa hiyo ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Kijana alikuwa kinyozi. Marehemu baba yake alikuwa mpiga bendera wa reli, na yeye alirithi ugonjwa huohuo wa treni, akaujengea sebuleni kwake. Rafiki zake wakamwita Bwana Stesheni. Alimweleza fundi shida yake palepale: treni yake inatoka stesheni vizuri, inapita darajani, inaingia handakini, lakini ikifika mwisho ambapo reli inajizungusha ili irudi ilikotoka, kila kitu kinazimika. Amebadilisha transfoma, amesafisha reli, amefika hata kudhani ana jicho la mtu.

Fundi akamwambia hakuna jicho wala nini. Reli ya kushoto ikijizungusha ikarudi, inakutana na ya kulia, na hiyo ni shoti aliyoitengeneza kwa mikono yake. Kinyozi akaomba aje amwonyeshe. Akajibiwa kwamba yeye haingii nyumbani kwa wanaume aliowaokota sakafuni. Basi kesho yake kinyozi akamleta dada yake mkubwa, mama wa watu mwenye maneno yake, amdhamini.

"Njoo tu mdogo wangu," dada mkubwa alimwambia. "Mtu asiyepata pa kuweka kikombe cha chai nyumbani kwake, atapata wapi pa kufanyia ujinga?"

Na kweli. Sebule yote ilikuwa meza moja ya mbao, kutoka mlangoni hadi dirishani. Wageni walikunywa chai wakiwa wima. Juu ya meza kulikuwa na stesheni yenye saa, vilima vya karatasi na gundi, na miti ya sifongo iliyopakwa rangi. Chini yake, Mungu wangu, nyaya zimesokotana kama nywele ambazo hazijaona kitana mwezi mzima.

Fundi alikata reli zote mbili za ule mzunguko kwa msumeno mwembamba, akaacha mwanya, akakipa kipande kile nyaya zake na swichi yake peke yake. Treni ikazunguka, ikarudi, taa hazikuzima. Kinyozi aliruka akajigonga kichwa kwenye taa ya darini, na fundi akacheka mpaka akaketi chini.

Tangu hapo kila Jumapili mchana alikuwa kule. Alizing'oa nyaya zote za zamani, akaanza upya: nyekundu na nyeusi za reli, njano za taa, kijani za zile swichi za kuhamisha treni njia. Walilala chali chini ya meza, yeye analehemu, kinyozi anamshikia tochi, dada mkubwa juu anahesabu mishono ya sweta lake na kukohoa wakinyamaza mno. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na pale kila mtu alikuwa anakohoa. Siku moja kinyozi alisubiri mpaka fundi akawa ameshika pasi ya kulehemu, ya moto, mkono mmoja na waya mkono wa pili, hana pa kukimbilia, akamwambia anampenda. Fundi akamaliza kwanza kulehemu. Kisha akamwambia, "Na mimi, mpenzi, lakini sogeza tochi, umenipiga machoni."

Mambo yalinoga hivyo mpaka fundi aliposafiri kwenda kumuuguza mama yake. Asiyekuwepo na lake halipo. Aliporudi, alishuka kwenye basi na begi lake akanyoosha moja kwa moja kwa kinyozi, kwa hamu tu, bila kupiga simu. Dada mkubwa akamfungulia. Kinyozi mwenyewe alikuwa kazini.

Meza ilikuwa imekatwa vipande viwili. Upande wa dirishani palikuwa patupu, kipande kimeegemezwa ukutani, na nyaya zote, nyekundu, njano, kijani, zimekatwa mkato mmoja, ncha zinaning'inia. Dada mkubwa alianza kusema jambo, akakumbuka ameapishwa asiseme, akaufunga mdomo. Huo ukimya ndio ulioharibu. Fundi aliinua begi akaondoka, na njiani machozi yakamtoka mbele za watu.

Alikataa kupokea simu. Mama mdogo wake, ambaye alikuwa akiishi naye, alichoka kusikia simu ikilia juu ya kabati, akamwambia kama ni kuachana aachane kwa mdomo, si kwa mlio. Kinyozi huku alijaribu kuunga mwenyewe. Treni ikaenda kinyumenyume, taa ya stesheni ikawaka handakini.

Mwishowe fundi akapokea, maana hasira nayo inataka mtu wa kuambiwa. Kinyozi alikuwa dukani, mteja kitini, mashine mkononi.

"Sikiliza," fundi alisema. "Wewe kazi yako kukata. Unakata leo, zinaota kesho, unasahau. Waya hauoti. Ile ilikuwa kazi ya mikono yangu, na wewe ndiye niliyedhani unaiona." Akakata simu.

Kinyozi aliweka mashine chini akatoka mbio, aproni kifuani. Mteja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu msitu, akatoka nyuma yake na kitambaa shingoni, maana jioni ile alikuwa na harusi, na ya kwake.

Walifika kwenye meza ya fundi wanahema wote wawili. Jengo zima likageuka kutazama.

"Nimekosa," kinyozi alisema. "Niliona mbao tu, nikakata. Sikufikiri chini yake kuna kazi yako ya Jumapili zote zile, na hilo sina la kujitetea. Nilitaka ukirudi ukute dirishani pako wazi, kwenye mwanga mzuri, uweke meza yako ya ufundi. Nataka nikuoe."

"Kwa nini hukuniambia kwanza?"

"Ningekuambia, ingebidi nikuombe kabisa. Nilikuwa naogopa."

Bwana harusi naye akamsihi shemeji amsamehe mwenzake, saa zinakwenda. Hapo kicheko kikamponyoka fundi, ila jibu hakutoa. Alimwagiza kinyozi akamalize kichwa cha watu, kisha wakaone huo uharibifu.

Mchana huo walilala tena chali chini ya vipande viwili. Fundi alizikagua ncha moja moja, na kinyozi aliishika tochi hata kupepesa anaogopa. Alimfundisha kuunga: waya wa rangi na waya wa rangi, kila jozi kwenye kiungio cha kuchomeka na kuchomoa, ili meza itengane na kuungana bila kukatwa. Alimlazimisha kuifanya yote kwa mkono wake, vidole vikaungua, naye hakulalamika. Treni ilipowashwa ikavuka pale kwenye mkato bila hata kusita.

"Hujanijibu," kinyozi alisema kwa sauti ndogo.

Fundi alikichomoa kipande cha dirishani, akakiegemeza tena ukutani. Akaipima ile nafasi kwa shubiri zake, taratibu, kutoka ukutani mpaka kwenye ukingo wa mbao, akatikisa kichwa.

"Meza yangu haiingii hapa."

Kinyozi akaanza kusema kwamba amekosea, alipima kwa macho, kwamba hata akikataliwa ataelewa. Fundi alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza, anabandua nyaya za ukingoni moja baada ya nyingine na kuzisogeza kando kwa upole, mpaka ubao ukabaki mtupu. Akachora mstari kwa penseli, shubiri moja zaidi, akainuka na kumkabidhi msumeno.

"Kata hapa," akasema, na yeye mwenyewe akaushika ubao upande wa pili.