Simu ya Okwara na Namba ya Ukutani

Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, haina haja ya jogoo, malori ndiyo huuamsha mji. Mwanzoni mwa mwaka 2001 foleni ya malori ilianza darajani ikafika mpaka mbele ya nyumba za kupanga. Madereva walichemsha chai kando ya magurudumu, wakingoja karatasi zao zigongwe muhuri.

Okwara alikuwa mmoja wa madereva hao. Alikuwa Msamia wa kijiji cha Namboboto, upande wa Busia, mtoto wa kwanza wa mzee Obuya. Yeye na mkewe, Syprose, na mtoto wao Quinton, walipanga chumba hapo Malaba. Wiki moja alibeba saruji kwenda Kampala. Wiki nyingine alibeba mahindi kwenda Nakuru. Kwa wazazi wake alifika mara chache, na hilo lilimuuma. Mzee Obuya alikuwa ameanza kukohoa na kupungua mwili.

"Baba akizidiwa, utajuaje?" Syprose alimuuliza. "Mimi mwenyewe sijui kama uko Jinja ama uko Nakuru."

"Nitanunua simu," Okwara alisema. "Ile ya mkono."

Wakati huo simu za mkono zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa nzito kama tofali. Lakini Okwara alikuwa ameona moja nyembamba, ya kukunja. Ukiifunga, inaingia mfuko wa shati. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya simu nyingine.

Alivuka daraja akaenda upande wa Uganda. Huko alimpata muuzaji aliyepanga simu zake juu ya meza ndogo.

"Ssebo, bwana wangu, hii ndiyo simu ya wakubwa," muuzaji alisema. "Ni nyembamba, na kadi iko ndani tayari."

"Kenya itashika?"

"Wewe vuka daraja, mimi nitakupigia. Ikikataa, irudishe."

Okwara akavuka. Alisimama upande wa Kenya, karibu na malori. Simu ikalia. Aliifungua kwa kidole gumba, akaisikia sauti ya muuzaji vizuri kabisa.

"Niko Kenya na inalia!" alipaza sauti mpaka watu wakageuka.

Hakuuliza swali lingine. Alilipa, akaenda zake akitabasamu peke yake njiani.

Jumapili alienda Namboboto. Alichukua kipande cha mkaa akaandika namba ya simu ukutani, karibu na kitanda cha baba yake.

"Papa, ukinihitaji, Wandera aende posta ya Funyula apige namba hii," alisema. Wandera alikuwa mdogo wake. "Nikiwa mahali popote, nitasikia."

Mzee Obuya hakuwa amesoma, lakini tarakimu alizijua. Alipitisha kidole chake juu ya namba, moja baada ya nyingine.

"Mahali popote?" aliuliza.

"Popote, papa."

Wiki tatu baadaye Okwara alienda Nakuru. Alipofika Eldoret aliitazama simu yake. Ilikuwa kimya. Alipofika Nakuru bado ilikuwa kimya. Dereva mwenzake alimwazima kadi ya kampuni ya Kenya. Okwara aliitia ndani. Simu ikaandika kwa Kiingereza kwamba kadi hiyo haikubaliki.

"Kadi yako ni mbovu," Okwara alimwambia mwenzake, akacheka. Akairudisha simu mfukoni.

Lori lilichelewa kupakuliwa. Alikaa Nakuru siku tano.

Aliporudi Malaba alikuta mlango wa chumba chake umefungwa kwa kufuli. Jirani yake, mama Benedetta, alitoka nje alipomwona. Mama huyu alikuwa amefanya kazi posta miaka mingi, akiunganisha simu za watu. Sasa alikuwa na kibanda chake cha simu hapo jirani. Siku hiyo hakumsalimu Okwara kwa mzaha kama kawaida yake.

"Baba Quinton, kaa chini kwanza," alisema.

"Kuna nini, mama?"

"Nimepiga namba yako tangu Jumanne. Wandera amepiga. Syprose amepiga. Haipatikani." Alimshika mkono. "Mzee ametuacha. Syprose alienda na mtoto. Wewe enda sasa hivi."

Okwara hakukumbuka alivyofika Busia, wala aliyembeba kwa baiskeli kutoka barabarani mpaka Namboboto. Alikumbuka tu kwamba alipoingia uani aliona udongo mbichi umeinuka.

Kwao, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini mwa mzazi wake. Wazee walikuwa wamemngoja siku tatu. Joto lilikuwa kali, na hawakuweza kungoja zaidi. Wandera ndiye aliyetupa.

"Nisamehe, ndugu yangu," Wandera alisema. "Haikuwa nafasi yangu."

"Papa aliniulizia?"

Wandera alitazama chini. "Siku mbili alikuita. Mara ya mwisho niliporudi kutoka posta, alifikiri nimekosea namba. Akaitaja yote bila kutazama ukuta. Hakukosea hata moja."

Okwara alilia mbele ya watu wote. Hakujali nani alimwona.

Baada ya matanga alirudi Malaba. Alienda kwa mama Benedetta, akaiweka simu juu ya meza yake.

"Naenda kuitupa mtoni," alisema. "Nimekuja tu uniambie kama nilirogwa."

"Haukurogwa. Leta hapa nione."

Mama Benedetta aliifungua simu nyuma, akatoa kadi, akatia kadi yake mwenyewe. Maneno yale yale ya Kiingereza yakatokea.

"Unaona? Simu hii imefungwa," alisema. "Kampuni iliyoitoa ni ya Uganda. Imeifunga ikubali kadi yake peke yake. Kadi ya kampuni nyingine inaikataa."

"Lakini nilikuwa Kenya, mama! Nilisimama hapa hapa ikalia."

"Mnara wa simu wa Uganda uko pale ng'ambo, karibu. Mnara haujui mpaka. Sauti yake inavuka mto inafika hapa Malaba. Lakini ukienda mbele kidogo inakwisha. Wewe uliijaribu simu mlangoni kwa yule jamaa, ukadhani umeijaribu Kenya nzima."

Okwara alifunika uso kwa mikono. "Nilimwambia papa popote."

Mama Benedetta alirudisha kadi ya Uganda ndani ya simu. Kisha akasema, "Mama yako bado yuko. Anaumwa na moyo, Syprose aliniambia. Hii usiitupe. Itumie ukienda Kampala. Ukitaka nyingine, usinunue peke yako. Nitaenda na wewe."

Mwezi wa sita walienda Busia pamoja, kwenye duka la simu. Mama Benedetta alikuwa na kadi mbili kwenye kitambaa, moja ya Uganda na moja ya Kenya.

"Bado nataka nyembamba ya kukunja," Okwara alisema kwa aibu.

"Si vibaya. Dereva anahitaji kitu kinachokaa mfukoni. Na ikifungwa, vidude vya namba havijibonyezi vyenyewe." Alimgeukia muuzaji. "Boss, tunataka iliyo wazi. Yenye kukubali kadi ya kampuni yoyote."

Muuzaji akatoa moja inayong'aa. "Hii ni safi, mama. Imefungwa kidogo tu, lakini nitawafungulia kesho."

"Ifungue kwanza, ndiyo tununue. Kesho hatuko."

Muuzaji akaguna, akaleta nyingine. Hiyo ilikubali kadi zote mbili. Okwara akatia mkono mfukoni kutoa pesa.

"Ngoja," mama Benedetta alisema. "Ifungue na kuifunga. Tena. Tena. Simu ya kukunja huharibika hapa kwenye bawaba. Kuna waya mwembamba unapita hapo ndani kwenda kwa kioo."

Okwara aliifungua na kuifunga kama mara ishirini. Mara kioo kikazima, kikawaka, kikazima.

"Hiyo rudisha," mama Benedetta alisema. Hata muuzaji mwenyewe hakubisha.

Ya tatu ilikaza vizuri. Kioo hakikucheza. Walipiga simu kwa kila kadi, kisha wakapigiwa, maana kuna simu inayopiga lakini hailii. Walitazama kama betri inashika moto wa chaja. Wakaomba na chaja ya kuchomeka ndani ya lori. Mama Benedetta hakuondoka mpaka muuzaji alipoandika risiti yenye jina la duka, na maneno kwamba simu iko wazi.

Nje ya duka, Okwara alishika simu kwa mikono miwili.

"Sasa itashika popote?"

"Acha hilo neno," mama Benedetta alisema kwa ukali kidogo. "Hakuna simu ya popote. Ukiwa Uganda tia kadi ya Uganda. Ukiwa Kenya tia ya Kenya. Na kuna mahali hakuna mnara kabisa. Kwa hivyo waachie watu wako namba za mezani za pale unapolala. Waambie siku gani uko wapi."

Okwara alifanya hivyo. Alienda Namboboto na mkaa wake. Ukutani aliandika namba ya Kenya, kando yake akairudia ile ya Uganda. Chini yake aliandika namba ya kituo cha petroli cha Eldoret alikozoea kulala, na ya gesti ya Nakuru. Kila alipobadilisha safari, alimtumia Wandera karatasi kupitia kwa watu wa bodaboda. Siku ile ya kuandika, alipoinua kitambaa afute namba ile ya kwanza, mama yake alimzuia.

"Hiyo acha," alisema. "Baba yako aliishika kwa kidole."

Mwezi wa kumi na moja, Okwara alikuwa Eldoret, akikaza kamba za mzigo. Simu ililia mfukoni. Aliifungua. Ilikuwa posta ya Funyula.

"Ni mama," Wandera alisema. "Anakuita."

"Mwambie nimesikia. Mwambie niko njiani."

Alimkabidhi mwenzake lori. Alifika Namboboto jua likiwa bado juu. Mama yake alikuwa kitandani, pumzi fupi, lakini macho yalikuwa wazi.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, mama."

Waliongea siku mbili. Mama alimwambia mambo ya ukoo ambayo hakuwa amemwambia mtu, na mti gani usikatwe. Alimwomba amalize ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani. Mara moja hata alimcheka kwa kukonda. Siku ya tatu asubuhi alilala akiwa ameshika mkono wa mwanawe, na hakuamka.

Kaburi lilikuwa karibu na la mzee Obuya. Wazee walimtazama Okwara. Aliinama, akachota udongo kwa mkono wake mwenyewe, akautupa wa kwanza. Kisha Wandera naye akatupa.

Watu walipoanza kutawanyika, Okwara aliingia ndani ya nyumba. Alisimama mbele ya ukuta. Mkaa wa ile namba ya kwanza ulikuwa umefifia. Aliweka kidole chake juu ya tarakimu ya kwanza, akaisoma namba yote taratibu, mpaka mwisho.