Chupa Iliyofichwa Korongoni

Tangu likizo ianze, kazi za Togzhan za asubuhi zilikuwa zilezile: kukamua ng'ombe, kuchemsha chai, kisha kumwamsha binamu yake Dosbol. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtia hasira.

Dosbol alikuwa mtoto wa shangazi yake aliyeolewa mjini Almaty. Kwa Wakazaki, mpwa akienda kwa wajomba zake akaomba kitu, hanyimwi. Dosbol aliigeuza mila hiyo kuwa fimbo. Alikwisha kuchukua kofia ya Togzhan na kitanda chake cha dirishani. Togzhan akinung'unika, jibu lilikuwa moja.

"Mimi ni mpwa hapa. Kalalamike kwa babu zako."

Siku hiyo baba yake Togzhan aliwapeleka wote wawili, pamoja na bibi, kwenye korongo la mto katika Hifadhi ya Taifa ya Charyn. Sharti lake lilikuwa kila mmoja abebe maji yake, kwa kuwa ya mtoni hayanywewi bila kuchemshwa. Waliteremka korongoni kwa miguu, kuta nyekundu zikiwachoma kwa joto kila upande. Walipofika mtoni, Dosbol alijimwagia kichwani maji yake yote ya kunywa ili nywele zikae vizuri kwenye picha.

"Una akili timamu wewe?" Togzhan aliuliza.

"Wewe uliyezoea kunuka zizi utajua nini mambo ya nywele?"

Moyo wa Togzhan ulijaa chuki.

Wakati wa kurudi, miguu ya bibi iligoma. Baba aliamua kusubiri naye lori la hifadhi linalopandisha wazee. "Ninyi tangulieni," alisema. "Mwende pamoja, mnywe kidogo kidogo. Maji mnayo?"

"Tunayo, mjomba," Dosbol akajibu haraka. Aliona haya kusema aliyamwaga.

Njia haikuwa na mti hata mmoja. Baada ya mwendo kidogo Dosbol alinyoosha mkono. "Nipe kurti."

Kurti ni madonge ya maziwa ya mgando yaliyokaushwa kwa chumvi. Togzhan alijua vizuri chumvi ile inavyoamsha kiu. Alimpa mfuko mzima.

"Kula, mpwa. Kula ushibe."

Haikuchukua muda, Dosbol akaanza kulamba midomo. "Togzhan, una maji?"

Alikuwa nayo. Chupa nzima, ndani ya begi, chini ya shali. Lakini kama angekiri anayo, angelazimika kuitoa, na yule angeimaliza yote kama alivyomaliza kila kitu tangu aje. "Yameisha," alisema.

Waliendelea kupanda, na Togzhan akafurahi, tena akafurahi waziwazi, kumwona fidhuli yule akiburuta miguu. Furaha hiyo haikufika mbali. Dosbol alitapika, kisha akakaa chini katikati ya njia. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu, bila tone la jasho, na akaanza kumwita Togzhan "mama", kama aliyechanganyikiwa.

"Acha utani, Dosbol. Inuka."

Hakuinuka. Togzhan aliangalia nyuma, lori halikuonekana. Aibu ilimshika. Akitoa chupa sasa, uongo wake utajulikana. Asipoitoa, je? Alisimama pale akiogopa kuumbuka, na binamu yake anazidi kulegea mbele ya macho yake. Mwishowe alifungua begi. Alimvuta hadi kwenye kivuli cha mwamba, akalowesha shali na kumfunika nayo kichwani, akamnywesha kwa mafunda madogo.

Fahamu zilipomrudia, Dosbol aliitazama chupa, kisha akamtazama Togzhan. "Kumbe ulikuwa nayo."

Lori lilifika. Baba aliruka chini. "Kumetokea nini?"

Dosbol hakusema neno. Togzhan angeweza kunyamaza pia. Badala yake alieleza yote, hata habari ya kurti, machozi yakimtiririka. Baba alimbeba Dosbol hadi ndani ya lori akiwa amefura kwa hasira. Bibi ndiye aliyesema.

"Dosbol, mila ile iliwekwa ili mtoto wa binti yetu aliyeolewa mbali asijione mgeni kwetu. Haikuwekwa ili umnyanyase mjukuu wangu mwingine. Na ulipoulizwa kama una maji, ulimdanganya mjomba wako. Ungemwambia kweli, angekupa yake." Kisha akamgeukia Togzhan. "Nawe ulikuwa na haki ya kukasirika. Ungesema, 'Ninayo, lakini tutagawana, humalizi peke yako.' Mngegombana, tungekuja kuwaamua. Uongo wako je, ungeamuliwa na nani kama mwenzako angekufa?"

Lori lilipanda taratibu, na Dosbol, kichwa chake kikiwa mapajani mwa bibi, akafumbua macho.

"Togzhan, mimi bado sikupendi," alisema kwa sauti dhaifu.

"Hata mimi sikupendi."

"Haya," bibi akasema, akimfuta mmoja uso na kumsogezea mwingine chupa. "Sasa angalau mnaambiana kweli. Tutaanzia hapo."