Salamu Kutoka Ziwani

Harufu ya usipa ilianza Jumatatu, katika nyumba ambamo hakuna aliyepika samaki tangu Kwaresima. Valeria alifunua vyungu vyote, akachungulia hadi mvunguni, akaambulia patupu. Harufu ilitoka kinywani mwa Jastini, mumewe, kila alipokohoa.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu Jastini anaugua moyo. Alilala ameketi, kwani akijinyoosha alihema kama mtu anayezama. Kila asubuhi Valeria alimbonyeza mguu uliovimba kwa dole gumba, na kila asubuhi shimo lilibaki pale pale, halirudi juu.

Hospitalini, Daktari Eunice alimpaka Jastini jeli baridi kifuani, akapitisha kifaa cha utrasaundi.

"Moyo umetanuka sana, mama. Unasukuma damu kidogo mno, na maji yameuzunguka."

Akaongeza sauti ya mashine. Katikati ya mapigo yale dhaifu kulisikika kasia likichota maji, taratibu, bila haraka.

"Mnasikia?" alinong'ona, akaizima mashine. "Dawa msiache. Hicho kingine mimi sikijui."

Valeria alikijua. Stephano, mdogo wake Jastini, alizama Ziwa Nyasa walipokwenda wote wawili kununua usipa. Mwili haukupatikana, na Jastini ndiye aliyeuachia mkono wa mdogo wake majini.

Wakashuka ziwani kwa Bibi Rosina, mganga.

"Huyo si Stephano," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini, limeiba sauti yake. Likitoka litakusalimia. Usiitikie, mwanangu. Ukiitikia, umelikaribisha."

"Sitaitikia, bibi. Nisaidie tu mume wangu apone, sina mwingine."

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, lakini moshi wa dawa ulipopanda chumba kikawa baridi, Jastini akaanza kutapika maji, ndoo baada ya ndoo, maji yenye mchanga na magamba ya usipa, huku kasia likisikika kifuani mwake, halafu sakafuni, halafu ukutani, likija, likija, mpaka likatulia nyuma ya sikio la Valeria.

"Shikamoo, shemeji."

Sauti ya Stephano, kijana ambaye yeye mwenyewe alimlisha kwa mikono yake! Na Valeria alilelewa vizuri mno, masikini. Kwao, kunyamazia shikamoo ni kumtukana mtu na ukoo wake mzima.

"Marahaba," kinywa kikasema chenyewe.

Bibi Rosina alijifunika uso kwa khanga.

Baada ya miezi miwili Daktari Eunice alirudia kipimo, akacheka kwa furaha. "Moyo umerudi! Unasukuma vizuri, maji hakuna. Baba, una bahati."

Jastini alilia, akamshukuru Mungu, akatangulia nje kutafuta bodaboda. Valeria aliinama afunge kiatu. Mkanda haukufika. Alijibonyeza mguu kwa dole gumba, akasubiri, akakohoa. Harufu ya usipa ikajaa chumba, na shimo halikurudi juu.